Nani Anatoka, Nani Anaingia

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya tatu ya ukaimu. Kibao cha mezani kinasema KAIMU MENEJA, na herufi za 'Kaimu' ni nene kuliko za 'Meneja'! Fundi wa mabango alifanya makusudi, sina shaka. Leo nimesogeza chombo cha maua mbele ya kibao, kikaziba neno la kwanza barabara. Mgeni akiingia anasoma MENEJA. Kazi safi.

Haikupita hata saa moja. Mama Mashuka, msimamizi wa usafi wa vyumba, akapita na furushi lake la foronya, akasema maua yanataka jua, akayahamishia dirishani. Tena kwa tabasamu! Mwanamke huyu ananijua.

Mambo yako hivi. Meneja wetu amestaafu kwa sababu ya goti, na Mwenye Hoteli, ambaye anaishi ng'ambo, bado hajasema nani atakalia kiti moja kwa moja. Ni mimi wa mapokezi, au ni Mama Mashuka. Wengine hawafikiriwi. Wafanyakazi wananiita Kaimu. Shikamoo Kaimu. Kaimu, maji ya moto hayatoki. Neno lenyewe linaniwasha mwilini kama upupu.

Na sasa mama mkwe amekuja kututembelea. Ni mtu wa adabu, hajawahi kunitukana. Hunilinganisha tu. Kabla yangu mke wangu alikuwa na mchumba mfamasia, ambaye alihamia mji mwingine na hakurudi. Jana wakati wa kula mama mkwe alisema mfamasia angekuwa na gari sasa. Akasema pia kwamba mimi ni mtu mzuri, kwa mtu aliyepatikana haraka.

Shuleni nilikuwa mchezaji wa akiba. Kwenye ndoa nimekuja baada ya mwenzangu kushindwa. Kazini ni kaimu. Yatosha! Kabla mama mkwe hajaondoka, nitakuwa Meneja kamili.

Jumanne, 4 Machi

Ujumbe kutoka kwa Mwenye Hoteli! Huandika Kiingereza, kwa sababu, anasema, simu yake ikipewa Kiswahili hukigeuza kuwa maneno ya aibu. Kesho wanakuja wageni wa mkutano. Ukumbi uwe tayari. Halafu kuhusu meza za chai kaandika 'substitute', kisha asali, kisha lile neno dogo 'for', kisha sukari. Basi. Hana maneno mengi.

Wafanyakazi wote wakanigeukia. Mimi ndiye mtu wa Kiingereza hapa, nimekuwa nikiwaambia hivyo tangu niajiriwe. Mpishi akauliza kama hiyo sabustityuti ni aina ya sabuni. Nikamweleza kwamba ni neno la kubadilisha, kitu kimoja kinatoka na kingine kinaingia. Akauliza kipi kinatoka. Swali la mtu wa jikoni! Asali imetajwa kwanza, kwa hiyo ndiyo yenye kesi. Inatoka. Sukari inaingia.

Mama Mashuka akasema taratibu kwamba anavyokumbuka yeye, neno hilo huenda kinyume. Nikamjibu kwamba foronya ni zake, lugha ni yangu.

Hapo ndipo nilipopata wazo la pili, zuri kuliko la kwanza. Asali imeondolewa mezani. Stoo kuna sisimizi. Nani ataihifadhi? Nikazipakia chupa zote kwenye boksi, nikampelekea mama mkwe. Kwa kuhifadhi tu. Sikulitamka hilo neno kuhifadhi kwa sauti kubwa sana.

Alizipanga dirishani, akazitazama zinavyong'aa, akaniita mwanangu. Mwanangu! Mke wangu akaniuliza asali hiyo imetoka wapi. Nikamwambia kuna mambo ya uongozi.

Jumatano, 5 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Wageni wa mkutano ni Chama cha Wafuga Nyuki.

Waliingia ukumbini wakiwa wamechangamka, kofia zao pana mkononi. Mezani nilikuwa nimejenga minara ya vipande vya sukari, kila meza mnara wake. Mwenyekiti wao, mzee mwenye sauti nzito, akasimama mbele ya mnara wa kwanza, akaniita.

"Kijana, hiki ni nini?"

"Sukari, mzee."

"Kwamba ni sukari naona. Nauliza ni nini."

Mzee mmoja akarudisha kofia kichwani kama mtu anayetaka kuondoka.

Nikasema asali iko njiani. Nikatoka mbio na tai yangu shingoni hadi nyumbani. Mama mkwe alikuwa kibarazani, miguu yake inang'aa. Ameipaka asali kwenye visigino! Chupa mbili kampa jirani. Moja ina kijiko ndani. Nikapiga magoti, nikamwomba anirudishie zilizobaki.

"Zawadi inarudi ilikotoka?" akauliza.

Nikasema haikuwa zawadi hasa.

"Mfamasia," akasema, bila hasira yoyote, "hakuwahi kunidai kitu."

Niliporudi na chupa nne na aibu yangu, nikasikia vicheko ukumbini. Nani yuko katikati? Mama Mashuka. Kawaambia wafuga nyuki kwamba meza zimeachwa bila asali makusudi, kwa heshima yao, ili kila mmoja aweke ya kwake na wengine waonje. Kumbe kila mmoja alikuwa na chupa yake mkobani! Wanaonjeshana, wanabishana asali ya nani ina harufu ya maua gani, Mwenyekiti anamwita dada. Minara yangu ilikuwa imeshushwa na kufunikwa kwa kitambaa.

Nikaweka chupa zangu nne pembeni. Mwenyekiti akaonja kidogo, akafumba macho, akasema hii imechanganywa na sukari.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimelishughulikia lile neno. Mtu hawezi kudhalilishwa na neno moja mara mbili.

Mke wangu anafundisha darasa la nne na ana kamusi nzito kama tofali. Nikamwomba anitafutie, nikijifanya nauliza kwa niaba ya Mpishi. Akasoma, akanieleza. Linaweza kuwa mtu, kama mwalimu anayeshika darasa la mwenzake aliyeugua. Linaweza kuwa mchezaji wa akiba. Linaweza kuwa kitu, kama majarini mahali pa siagi. Na likiwa kitendo, ukisema ufanye hivyo asali 'for' sukari, asali ndiyo inayoingia, sukari ndiyo inayotoka.

Nikamuuliza kama ana hakika. Akanitazama juu ya miwani. Akasema watu wengi hulikosea, hata wenyewe Waingereza, lakini Mpishi akumbuke tu hivi: wa kwanza kutajwa anaingia, wa pili anatoka.

Nimelikariri nikioga. Wa kwanza anaingia, wa pili anatoka. Mama mkwe akagonga mlango kuuliza naongea na nani bafuni.

Kazini nimekuwa mnyenyekevu siku nzima. Nimemsifu Mama Mashuka mbele ya watu, ili ionekane sina kinyongo. Akashukuru, akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 7 Machi

Ujumbe umekuja! Asubuhi, nikiwa natundika funguo.

Mwenye Hoteli anasema amefikiri sana. Kuanzia Jumatatu, anataka kwenye kiti cha meneja tufanye 'substitute', kisha Mama Mashuka, kisha 'for', kisha wewe. Wewe ndiyo mimi.

Wa kwanza anaingia. Wa pili anatoka.

Nikakaa chini. Funguo zote zikaanguka. Mgeni akauliza kama ndiyo namna yetu ya kukaribisha watu. Nikausoma tena ule ujumbe nikianzia mwisho. Haukusaidia.

Nilipitisha mchana kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Sikumwambia mtu. Jioni kulikuwa na mechi ya kirafiki kwenye uwanja wa nyuma, sisi dhidi ya wafuga nyuki. Mlinzi wa getini ndiye kocha wetu. Mimi? Benchi. Hata mbele ya wazee wenye kofia za wavu, mimi ni wa akiba!

Nikiwa nimejiinamia, nikamsikia Mlinzi akipaza sauti: "Mpishi anabadilishwa!" Na Mpishi, ambaye alikuwa anahema kama pasi ya mkaa, akatoka nje.

Akatoka.

Nikasimama. Mchezaji anayetajwa kuwa amebadilishwa, siku zote, ni yule anayetoka! Kila mtu anajua! Na sisi si majarini, ni watu. Kamusi ilizungumzia asali na sukari. Kwa vitu, wa kwanza anaingia. Kwa watu, mambo huenda kimichezo, wa kwanza anatoka! Mama Mashuka ametajwa kwanza. Mama Mashuka anabadilishwa. Na nani anaingia? Wewe. Mimi!

Furaha ilinibeba. Mlinzi alikuwa anamwita kijana wa bustani aingie, lakini mimi nilishafika katikati ya uwanja nikishangilia. Refarii akanionyesha kadi ya njano kwa kuingia bila ruhusa, na nyingine kwa kumkumbatia. Nikatoka. Nimecheza muda wa kupiga chafya mbili. Haidhuru. Meneja ana heshima yake nje ya uwanja.

Sikuona haja ya kumsumbua mke wangu na kamusi yake.

Jumamosi, 8 Machi

Siku kubwa. Nimewakusanya wafanyakazi jikoni na kutangaza. Nikasema Mwenye Hoteli amenena, na kuanzia Jumatatu kiti ni changu kabisa. Wakapiga makofi, machache lakini ya kweli. Mpishi akauliza sasa wataniita nani. Nikamwambia Bosi inatosha.

Kisha nikamwita Mama Mashuka faraghani, chumba cha pasi, nimpe pole. Nikamwambia mashuka yake ni meupe kuliko ya hoteli yoyote, na kwamba uongozi una mateso yake ambayo simtakii. Alikuwa anakunja taulo. Aliikunja ile moja muda mrefu sana. Akaniuliza kama anaweza kuuona huo ujumbe. Nikasema ni siri za ngazi ya juu. Akasema sawa, baba. Akasema kwa kuwa mimi ndiye ninayehamia, basi niitengeneze ile ofisi vizuri, maana yule Meneja wa zamani aliiacha kama gulio.

Uungwana gani huo! Nilimdhania vibaya.

Nimefanya kazi hadi kiuno kikakataa. Nimehamisha kabati la chuma peke yangu. Nimefuta madirisha, nimepiga rangi ukuta mmoja, nimetengeneza kiti kilichokuwa kinalia. Mama Mashuka alipita mara kadhaa kushauri. Kabati lisogee kushoto zaidi. Meza itazame mlango. Pazia la kijani lingependeza. Nikafuata yote. Kibao kipya nimekiagiza, neno moja tu, na nimemsimamia fundi kichwani hadi akamaliza.

Nyumbani nikamwambia mama mkwe kesho mchana ni mgeni wangu hotelini, meza ya mbele. Akaniuliza kuna nini. Nikasema avae vizuri. Mke wangu akaniuliza ujumbe ulisema nini hasa, neno kwa neno. Nikamwambia amchagulie mama yake viatu.

Jumapili, 9 Machi



Mama mkwe alivaa gauni lake la zambarau. Nilimwongoza hadi ofisini, nikamwonyesha kibao, pazia, ukuta. Alipitisha kidole kwenye herufi. MENEJA. Akasema, taratibu, kwamba hata mfamasia hakuwa na ofisi yenye pazia. Nilitaka kulia.

Tukakaa kula. Wafanyakazi wote walikuwepo. Katikati ya chakula simu ya Mpishi ikalia, ya video, Mwenye Hoteli mwenyewe! Mpishi akaiegemeza kwenye birika la chai ili wote tuone. Ile sura kubwa ikatokea, nyuma yake dirisha lenye mvua, ikaanza kuongea Kiswahili safi kabisa. Akasema Mwenyekiti wa wafuga nyuki alimpigia kumsifu mtu mmoja aliyeokoa mkutano wao. Akasema hakuhitaji kufikiri zaidi.

"Hongera Mama Mashuka," akasema. "Kesho kiti ni chako. Kaimu, asante kwa kumshikia."

Nikasema mtandao ni mbaya.

"Mtandao ni mzuri," akasema Mwenye Hoteli.

Kijiko cha mama mkwe kilikuwa hewani. Akamgeukia binti yake, akauliza, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Kwa hiyo amebadilishwa?"

Hapo ndipo Mama Mashuka akainuka. Nikajua nimekwisha. Lakini alisema tu kwamba ofisi ile ilikuwa jalala, na kwamba mkwe wa mama huyu ameitengeneza kwa mikono yake siku nzima bila kulalamika, na kwamba pale mapokezi yeye hajawahi kuona mtu anayekumbuka majina ya wageni kama mimi. Mama mkwe akarudisha kijiko kwenye sahani, akasema hiyo ya majina ni kweli, hata jina la paka wake nalikumbuka.

Baadaye nikamfuata Mama Mashuka chumba cha pasi. Nikamuuliza alijua tangu lini. Alijua tangu Ijumaa! Mwenye Hoteli alimtumia ujumbe uleule. Alikuwa anangoja niseme mwenyewe, ndiyo maana aliuliza kama anaweza kuuona. Alisema alikasirika, tena sana, na ndiyo maana lile kabati la chuma alinisogezesha mara tatu. Sasa hasira zimekwisha. Pazia la kijani analipenda.

Nyumbani nilikaa nyuma ya nyumba, kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mke wangu akaja na ndoo yake, akakaa. Nilidhani atanikumbusha kamusi. Hakusema habari za kamusi. Nikamwambia nimechoka kuwa mtu wa kushika nafasi za watu. Kwenye kiti, kwenye timu, hata kwake.

"Kwangu?" akasema. "Unadhani yule mfamasia aliniacha?"

Nikasema ndivyo mama yake anavyosimulia.

"Nilimwacha mimi. Nilikuwa nimeshakuona wewe pale kwenye kituo cha posta, unabishana na mashine ya stempu. Mama sikumwambia, angenizuia. Hukuja badala ya mtu, wewe. Yeye ndiye aliyekuwa anakaa kwenye kiti chako."

Tulikaa pale hadi giza likaingia, yeye akinicheka kidogo kidogo kuhusu kadi mbili za njano. Nimejifunza mengi leo. Mimi ni mtu mpya. Mambo ya hila nimeyaacha kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudi mapokezi. Roho nyeupe. Mama mkwe ameondoka asubuhi, akaniita mwanangu tena, akaniachia ile chupa yenye kijiko.

Mama Mashuka aliniita ofisini. Akasema anahitaji msaidizi, na ameniteua kuwa Naibu Meneja, pamoja na kazi yangu ya mapokezi. Naibu! Nilimshukuru kwa dhati.

Nikiwa ngazini nikakumbuka naibu hufanya nini. Naibu hushika kiti bosi asipokuwepo. Swali likaja lenyewe, sikulialika: bosi ataacha kuwepo lini?

Jumatano, 12 Machi

Huu si mpango. Ni huruma. Mama Mashuka amefanya kazi miaka yote hii bila likizo ndefu, na mtu asiyepumzika huzeeka. Jana nilimwambia uso wake umepauka. Leo asubuhi nikamwomba Mpishi amwambie hivyohivyo, nikamwomba na Mlinzi. Mchana nikaingia ofisini na picha ya ziwa, maji ya bluu, kiti kimoja cha kuegemea. Nikaiacha mezani kama niliyeisahau.

Aliitazama muda mrefu. Akasema nasema kweli, hapa hatuzingatii mapumziko, na yeye kama bosi ameamua yaanze wiki hii. Moyo ukaruka! Akauliza kwa maoni yangu nani hapa amechoka kuliko wote. Nikaona ujanja wake, anataka nimtaje yeye ili asionekane mroho. Nikaona nisimbane. Nikapumua kwa uchungu, nikasema kwa kweli hata mimi nimechoka mno, lakini najikaza kwa ajili yake.

Basi likizo nimepewa mimi! Mwezi mzima, kuanzia kesho. Sikutegemea, lakini nimelitafakari na naona ni ushindi mkubwa. Mtu hapewi mapumziko namna hiyo kama hathaminiwi. Nitarudi na nguvu, naye atakuwa hoi, na hapo likizo yake haitaepukika.

Mapokezi na unaibu atashika Mlinzi wa getini. Anaandika vizuri, wageni wanampenda, na tayari ameuliza kama anaweza kupanga upya zile funguo. Nimemruhusu. Nimemwonyesha kila kitu, hata siri za wageni wa kudumu, ili asinipigie simu likizoni. Nani ataona hatari kwa Mlinzi? Mama Mashuka mwenyewe kanihakikishia ni kwa muda tu.

Nimemwachia na chombo cha maua.